Paneli ya wati 150 juu ya boti, kontrola inasema betri imejaa, mota inakufa jioni. Stima inaenda wapi?

#1 Wimbi_Dunga
Salamu wakuu. Wenye mita watulie hapa kidogo. Boti ya faiba futi 16, watu wawili na nyavu, tunatokea ufuo wa Dunga, Kisumu. Mota ya umeme ya volti 12, msukumo pauni 55, ile ya kasi tano. Betri moja ya asidi ya sola (si ya gari), 100Ah (ampea-saa), ina miezi sita. Paneli wati 150 juu ya fremu nyuma, kontrola ya chaji ya PWM (aina rahisi) ya ampea 20. Betri iko mbele ili boti isiinamie nyuma, kwa hivyo waya wa mota ni 6mm, mita tatu kwenda na tatu kurudi, na sakiti breka ya ampea 50.

Saa saba mchana kontrola huwasha kijani. Saa kumi na moja tunatoka kutega, kasi ya tano, na baada ya dakika 35 hadi 40 mota inazima. Asubuhi kwa kasi ya pili, nusu saa hivi, haina neno. Wenzangu ufuoni wanasema paneli ni ndogo. Fundi anasema betri ni feki. Nani mkweli?

#2 Fundi_Kondele
Hesabu mota kwanza. Pauni 55 kwa kasi ya mwisho inavuta karibu ampea 50. Watu hugawa 100 kwa 50 wanapata saa mbili, halafu wanalia. Ile 100Ah ya betri ya asidi imepimwa ikitolewa polepole, ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa ampea 50, asidi iliyo ndani ya sahani inaisha nguvu kabla ile ya nje haijapenya kuchukua nafasi yake. Unabaki na kama 60Ah mpaka ikauke kabisa, yaani saa moja na robo hivi. Na ukitaka betri iishi unaishia nusu, ambayo ni dakika hizo hizo zako. Betri yako inafanya kazi yake, omera.

#3 Volti_Mbita
Fundi, hesabu naikubali, hukumu naikataa. Amesema mota INAZIMA. Hakusema ameizima yeye ili kulinda betri. Betri iliyojaa ingemfikisha saa moja na zaidi kabla ya kuzima. Akikwama kwenye dakika 38 basi anatoka ufuoni betri ikiwa nusu, kijani au si kijani.

Hiyo taa inasoma volti tu. Kontrola ikifika 14.4 inawasha kijani, lakini betri ya asidi ikigusa 14.4 kwa mara ya kwanza huwa iko kwenye asilimia 80 hivi. Asilimia 20 za mwisho ndizo zinazochukua saa nyingi, kwa ampea ndogo ndogo. Na Kisumu hiyo saa nane mawingu yameanza kupanda, saa kumi mvua. Betri haimalizi kujaa hata siku moja. Baada ya miezi sita ya hivyo sahani zimeota salfa, ganda gumu linalozuia chaji, na 100Ah imebaki jina.

#4 Obambla
Kwani paneli imeelekezwa wapi? Mafundi wengi wanasema iinuliwe digrii 30 iangalie kaskazini.

#5 Mwalimu_Ampea
@Obambla hiyo digrii 30 ni ya nchi za mbali na ikweta. Kisumu iko chini ya ikweta kwa digrii sifuri na nukta moja tu, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Paneli ilale. Juu ya nyumba tunaiinamisha digrii 10 hivi ili mvua ioshe vumbi, lakini boti inageuka kila dakika, ukiinamisha utakuwa unalifukuza jua nusu ya safari. Lala, kisha ufute kinyesi cha ndege na magamba kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Sasa kwa @Wimbi_Dunga. Paneli ya wati 150 ya seli 36 hutoa kama ampea 8.3 jua likiwa kali. Chukua saa tano za jua kamili kwa siku: 41Ah. Betri ya asidi inapoteza kama asilimia 15 ya kile unachoingiza, inabaki 35Ah. Sasa angalia unachotoa: dakika 38 kwa ampea 50 ni kama 32Ah, na nusu saa ya asubuhi kwa kasi ya pili, ampea 18, ni 9Ah. Jumla 41. Hiyo inazidi hata 35 unayoingiza, na haiwezi kudumu. Mimi naona betri si feki wala haijaota salfa. Paneli ndiyo inayokukatia dakika.

#6 Wimbi_Dunga
Shukrani nyote. Kwa hiyo niongeze paneli?

#7 Volti_Mbita
Subiri kwanza, usikimbilie dukani. Swali moja: mota ikizima, ukiiacha ipumzike, inarudi?

#8 Wimbi_Dunga
Inarudi. Robo saa hivi, halafu inaenda kama dakika tano, inazima tena.

#9 Stima_Usenge
Hiyo ni breka! Breka ya ampea 50 kwenye mota inayovuta ampea 50 ni kujitafutia. Zile ndogo nyeusi za boti zinakata kwa joto: ndani kuna bati linalopinda likipata moto. Ikikaa juani juu ya sitaha tayari iko moto, inakata hata kwa ampea 42. Ikipoa inarudi yenyewe au unabonyeza. Weka ya 60, iwe kivulini, isiwe mbali na betri zaidi ya kiganja au viwili vya waya. Kazi yake ni kulinda waya, na ikiwa upande wa mota haina maana, waya ukichunika katikati boti inaungua.

Pia angalia propela. Gugu maji likijizungusha mota inavuta zaidi. Na uzi wa nailoni wa nyavu ni mbaya kuliko gugu: unaingia nyuma ya propela, unakata sili, maji yanaingia ndani ya mota. Fungua nati, toa propela, safisha shafti kila wiki. Pini ya propela uwe na tatu za akiba kwenye boti.

Na kwa wengine mnaosoma: paneli kubwa za nyumbani za seli 60 zisifungwe kwenye kontrola ya PWM na betri ya volti 12. Paneli ya wati 300 ya aina hiyo hutoa ampea 9 hivi kwa volti 32. PWM inaishusha mpaka volti za betri, unabaki na 9 mara 13, wati 117. Zaidi ya nusu imepotea. Hapo lazima MPPT, kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

#10 Fundi_Kondele
Ongeza hapo @Stima_Usenge: kontrola nyingi za bei ya chini zimeandikwa MPPT na ndani ni PWM. Kuijua ni rahisi. Mita ya kubana inayosoma DC, jua kali, betri isiwe imejaa. Pima ampea zinazoingia kutoka paneli, kisha zinazotoka kwenda betri. Zikilingana ni PWM hata kama sanduku limepambwa vipi. MPPT ya kweli, ampea za kutoka zinazidi za kuingia.

Hiyo ya kurudi baada ya kupumzika lakini, hata betri iliyochoka hufanya hivyo. Asidi inapata nafasi ya kupenya tena kwenye sahani, volti zinapanda, unapata dakika tano. Dalili ni ile ile.

#11 Kiboko_Naivasha
Huku Naivasha tulishaacha kubishana, paneli ziko bandani ufuoni. Betri mbili, moja majini moja kwenye chaji, unabadilisha. Paneli haipigwi na upepo, haifunikwi na nyavu, haiibwi kirahisi.

#12 Obambla
Watu wa Nakuru mnavua nini, heroe?

#13 Kiboko_Naivasha
Ziwa Nakuru ni la magadi, dada, huko ni watalii. Naivasha ni maji baridi na tunavua tilapia; kamongo wenu wa Kisumu bado hajafika. Tuna samaki wa kapu (carp) pia. Kuna viboko, ndiyo maana tunapenda mota isiyopiga kelele na inayowaka MARA MOJA.

#14 Mwalimu_Ampea
Banda ni wazo zuri ila betri ya asidi ya 100Ah ina kilo 28 mpaka 30. Kuibeba kutoka banda mpaka majini kwenye matope kila siku mtu atachoka wiki ya kwanza. Ikianguka ikapasuka, asidi. Lithiamu ya LiFePO4 ya ukubwa huo ni kilo 11 au 12, hapo ndipo banda linaingia akilini. Na haina ugonjwa wa ampea 50: kwenye 100Ah unapata 85 au 90 hata ukivuta kwa nguvu, na volti zinakaa karibu 12.8 muda wote, mota haichoki taratibu.

#15 Volti_Mbita
Lakini mtu asiingize lithiamu kwenye kontrola iliyowekwa betri ya asidi akaondoka. Weka 14.2 hadi 14.4, zima kabisa ile ya kusawazisha inayopanda hadi volti 15 na zaidi, zima pia kihisi joto cha kurekebisha volti. BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri ya lithiamu) ikijifunga jua likiwaka na kontrola ikabaki bila betri, kontrola za bei rahisi zinaungua. Na lithiamu haina huruma ya kukuonya: asidi inapunguza mwendo, lithiamu inakata ghafla ukiwa katikati ya ziwa. Mtu awe na kasia.

#16 Obambla
Kasia au injini ya petroli ya akiba.

#17 Stima_Usenge
Petroli na betri ya asidi ndani ya boksi moja HAPANA. Betri ya asidi ikikaribia kujaa inatoa hidrojeni. Boksi lake liwe na matundu juu, tangi la petroli likae upande mwingine wa boti, na usiunganishe wala kuchomoa klipu za betri wakati chaji inaingia. Unafunika paneli kwanza au unaichomoa. Mpangilio ni huu: kuunganisha, betri kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Kutoa, paneli kwanza. Ukianza na paneli kontrola haijui ni mfumo wa volti 12 au 24, zingine zinajipanga vibaya, zingine zinakufa.

#18 Nyota_ya_Omena
Na sisi wa taa za omena? Betri hiyo hiyo ya mota inaweza kubeba taa?

#19 Fundi_Kondele
Inaweza ila usifanye hivyo. Taa ya LED ya wati 10, saa kumi usiku, ni wati-saa 100, kama 8Ah. Taa nne ni 32Ah, ambayo ni dakika zote za mwenzetu wa #1. Taa zipe betri yake ndogo na paneli yake. Alfajiri ukirudi na upepo umebadilika utaihitaji mota ikiwa na nguvu.

Na msimu wa kufungwa uvuvi wa omena, Aprili mpaka Julai, msiziache betri za asidi zimelala nusu. Jaza kabisa, ongeza maji ya betri yafike kwenye alama (baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo yatamwagika), chomoa kila kitu, kisha chaji tena kila mwezi. Kwenye joto letu betri inajimaliza yenyewe taratibu, na ikilala bila chaji salfa inageuka jiwe.

#20 Wimbi_Dunga
Nimerudi na namba. Betri ilichajiwa nchi kavu kwa stima usiku kucha, chaja ya ampea 10, asubuhi ikapumzika, ikasoma 12.7. Jioni kasi ya tano ilienda dakika 52. Mota ikiwa inazunguka, kabla tu ya kuzima: kwenye betri yenyewe 11.2, kwenye plagi ya mota 9.9. Ampea 48. Breka haikuonekana kuruka, lakini ni ile isiyo na kitufe.

#21 Mwalimu_Ampea
52 dhidi ya 38. Nilisema paneli.

#22 Volti_Mbita
52 dhidi ya 75. Nilisema salfa.

#23 Stima_Usenge
11.2 kwenye betri si betri iliyokauka! Iliyokauka chini ya mzigo ingekuwa 10.5 au chini. Mota imezimwa na kitu kingine huku betri bado ina uhai. Breka isiyo na kitufe ndiyo ile inayojirudisha yenyewe ikipoa, hauwezi kuiona ikiruka.

#24 Fundi_Kondele
Mimi naangalia ile 11.2 na 9.9. Volti 1.3 zimepotea njiani. Waya wa 6mm, mita sita kwenda na kurudi, kwa ampea 48 unatakiwa upoteze kama 0.84. Hizo 0.46 zingine ziko kwenye plagi, lagi (vichwa vya waya) au ndani ya breka. Ukizidisha 0.46 kwa 48 ni wati 22 zinachoma kitu kidogo cha ukubwa wa kidole. Ukimaliza safari gusa plagi kwa nyuma ya mkono, kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, umempata. Ikiwa baridi na breka ndiyo moto, Stima atapata soda yake.

Pia kama mota yako ina kidhibiti cha elektroniki, baadhi hukata volti zikishuka sana kwenye plagi. Za kasi tano za kawaida hazina, zinapunguza mwendo tu. Na hizo za kasi tano, mjue kasi ya pili haihifadhi stima kama mnavyofikiri, zinachoma tofauti kwenye koili ndani ya mota. Zile za kuongeza taratibu bila hatua ndizo zinazohifadhi kweli.

#25 Kiboko_Naivasha
Waya wa 25mm basi. Hesabu: mita sita, ampea 48, unapoteza volti 0.2. Au sogeza betri nyuma na mbele uweke jiwe la kusawazisha, waya uwe mita moja.

#26 Volti_Mbita
Kabla ya waya, haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Ni betri ya kufunguka? Pima kila tundu baada ya chaji kamili. Yote 1.260 na kitu, naiondoa hoja yangu ya salfa. Tundu moja likiwa 1.180 na mengine 1.260, hilo limekufa na hakuna waya wala paneli itakayolifufua. Yote yakiwa chini kwa usawa, kama 1.220, jaribu kusawazisha kwa volti 15 hivi saa mbili tatu, vifuniko vimelegezwa, hewani, ukitazama maji.

#27 Wimbi_Dunga
Imefungwa, haifunguki.

#28 Volti_Mbita
Basi volti 15 sahau. Betri iliyofungwa ukiisawazisha unaikausha, maji yakitoka hayarudi.

#29 Nyota_ya_Omena
Lakini mbona hamsemi upepo? Saa kumi na moja jioni upepo unatoka ziwani kuja Kisumu. Anatoka akipigana nao kifua kwa kifua, kwa kasi ya mwisho, na nyavu zimejaa.

#30 Mwalimu_Ampea
Hoja ya maana kuliko nyingi hapa. Nguvu inayotakiwa inapanda kwa mchemraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano, unatumia karibu nusu ya nguvu. Mwenye kuondoka saa tisa usiku kwa upepo wa nchi kavu na kurudi mchana na ule wa ziwani anahitaji mota nusu ya muda. Wenye tanga walijua hili zamani.

Kama ratiba haibadiliki, betri ya pili sambamba na ya kwanza, za umri mmoja na aina moja. Kila moja itatoa ampea 25, na kwa mvuto huo kila moja inatoa 100Ah yake vizuri zaidi. Betri moja saa moja na robo, mbili karibu saa tatu. Si mara mbili tu. Ila paneli ziwe angalau wati 300, la sivyo unaongeza ndoo bila kuongeza maji.

#31 Stima_Usenge
Na paneli mbili zifungwe sambamba pia, si mfululizo. Kivuli cha mtu mmoja aliyesimama au nyavu iliyoanikwa pembeni kikiangukia seli chache, ile nyingine inaendelea kivyake. Boti ina vivuli kuliko paa la nyumba. Nati za kufunga ziwe zile zenye nailoni ndani, acha nafasi ya vidole vinne chini ya paneli ipite hewa, isiwe tanga. Na zile laini za kugundisha kwenye sitaha ziepukeni: hazipumui chini, zinaiva.

#32 Wimbi_Dunga
Plagi nimeigusa. Moto. Breka nayo moto. Nanunua waya wa 25mm, lagi za kubana, breka ya 60 na paneli ya pili, nafunga zote Jumamosi.

#33 Volti_Mbita
Ukibadilisha vyote siku moja hatutajua ni kipi kilikuwa.

#34 Fundi_Kondele
Yeye anataka samaki, wewe unataka ripoti.

#35 Volti_Mbita
Aanze na plagi na breka, ni vitu vya nusu saa. Apime tena 11.2 na 9.9 ziko wapi. Akifika dakika 70 aache pesa ya paneli mfukoni.

#36 Mwalimu_Ampea
Akichaji kwa paneli hiyo hiyo hatafika 70, hata umpe waya wa dhahabu. Anaingiza 35Ah.

#37 Ugeni_Port
Salamu. Mimi niko Port Victoria, nina paneli mbili za nyumbani za seli 60 na kontrola ya PWM ya ampea 30, betri ni ya volti 12. Zitafaa kwa mota ya pauni 30?

#38 Stima_Usenge
Soma #9, mwisho wake. Na hiyo kontrola isome nyuma volti za juu inazoruhusu kabla hujaunganisha: hizo paneli bila mzigo zinafika 38 hivi kila moja. Zikiwa mfululizo ni 76, itapasuka.